Kuambiwa Hujijui na Mtu Unayemlipia Ada

Yapo maneno ambayo mtu mzima huyameza akaendelea na safari yake, lakini kuambiwa "Baba, tatizo lako hujijui" na mtoto ambaye hadi leo hajui chaja yake iko wapi, ni jambo ambalo koo langu limekataa kulipitisha. Kifungua mimba wetu aliyatamka maneno hayo jana jioni mbele ya mama yake, mbele ya bibi yake, na mbele ya shemeji yangu, ambaye alikuja kutusalimu kwa siku mbili na sasa ndiye anayetuelekeza mahali funguo za akiba zinapotundikwa. Hakuna aliyemkemea. Mama mkwe alitikisa kichwa juu na chini, na kwa heshima niliyo nayo kwake niliamua kuamini kwamba shingo inamsumbua.

Chanzo cha yote haya ni hobi. Wenzangu mnafahamu jinsi inavyokuwa: ukifika umri fulani familia hujadiliana usipokuwepo na kuamua kwamba unahitaji jambo la kufanya, utadhani kulipa bili, kutafuta soksi za watu na kuzima taa katika vyumba visivyo na mtu ni mapumziko. Nikatii. Nilikimbia asubuhi mpaka goti likaomba likizo. Nilijaribu kutazama ndege, shughuli inayohitaji ukimya, na ukimya katika nyumba yetu humaanisha kwamba kuna kitu kimevunjwa na mhusika anakificha. Nilimchora mama watoto kwa penseli, hilo tuliache. Gitaa ndilo nililodumu nalo kidogo, ingawa hakuna aliyenitahadharisha kwamba nyuzi za chuma huchubua ncha za vidole mpaka ziote sugu, wala kwamba upo mshiko uitwao F, ambao hukutaka ubane nyuzi zote sita kwa kidole kimoja cha shahada huku vidole vingine vikitumwa kwingine. Kitinda mimba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa huruma kama duka linapokea vitu vilivyokwisha kutumika.

Ndipo kifungua mimba alipotoa simu na kusema kwamba mtu hawezi kuchagua hobi kabla hajapimwa hulka. Akatueleza kwamba watu wote duniani wamegawanywa katika mafungu 16, kwamba mawazo hayo yalianzia kwa Carl Jung wa Uswisi katika kitabu chake cha mwaka 1921, na kwamba huko Marekani mama mmoja na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Myers, ambao hawakuwa wamesomea saikolojia, ndio waliotengeneza dodoso lenyewe. Niliposikia kwamba ni mama na binti waliokaa nyumbani wakaanza kuwapanga wanadamu kwa mafungu, nilimtazama mama watoto, nikamtazama bintiye, nikaona kwamba historia haina haraka. Kisha akaongeza, bila kujua uzito wa anachokisema, kwamba Katharine alizidi kuyachimba mambo hayo baada ya binti yake kumleta mchumba ambaye hakufanana kabisa na watu wa familia yao. Kumbe hata huko ni habari za mkwe! Sikuthubutu kugeuza macho upande alikokaa mama mkwe.

Dodoso likaanza. Swali la kwanza lilitaka kujua kama kukaa na watu wengi hunichosha au hunichangamsha. Nikasema hunichangamsha. "Andika humchosha," akasema mama watoto bila kuinua uso, "sherehe ya juzi alisinzia akiwa ameshika sahani." Nikaeleza kwamba nilikuwa nimefumba macho ili nisikilize hotuba vizuri, hakuna aliyeandika maelezo hayo. Swali la pili liliuliza kama hupanga mambo yangu mapema, na kicheko kilichozuka hapo sikukitarajia kutoka kwa watu wanaoishi ndani ya mipango yangu. Shemeji alicheka mpaka akaomba maji, nami ndiye niliyekwenda kuyaleta. Niliporudi, maswali matatu yalikuwa yamekwisha kujibiwa kwa kura. Nilipouliza ni yapi, niliambiwa nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa mawili yalipita bila kupingwa.

Nikasimama na kusema, kwa sauti ya mtu anayejiheshimu, kwamba nafsi inayopimwa ni yangu na kwamba mwenye nafsi angalau apewe nafasi ya mtazamaji. Hapo mama mkwe, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasafisha koo. "Mjukuu wangu, andika hivi: baba yako akikasirika, hutengeneza vitu ambavyo havijaharibika." Kimya kikatanda. Ningelijibu jambo hilo kikamilifu, isipokuwa kwamba mkononi nilikuwa na bisibisi, na kiti nilichokuwa nimekiinamia kilikuwa imara tangu tukinunue.

Matokeo yalitangazwa. Mimi ni mtu wa ndani, mwenye hisia, asiyependa kupangiwa. Usiku, wote walipolala, nilijaza dodoso lile lile peke yangu, nikatoka kiongozi shupavu wa watu. Asubuhi nikafungua mjadala upya nikiwa na hoja za kisayansi. Niliwaeleza kwamba watu wengi wakirudia kipimo hicho baada ya wiki chache huangukia fungu jingine. Niliwaeleza habari za Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 1948 aliwapima wanafunzi wake, akampa kila mmoja maelezo ya hulka yake, nao wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5, ilhali wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale, mengi yakiwa yametoka katika kitabu cha unajimu. Nikanyamaza ili hoja iwaingie.

"Basi kama maelezo hayo yanamfaa kila mtu," akasema mama watoto akikunja nguo, "kwa nini wewe peke yako yasikufae?"

Mimi ninauliza, na ninauliza kwa dhati, kwamba mtu ajitafute vipi katika nyumba ambamo watu watano wamekwisha kumpata kabla yake na hawataki kumrudisha? Nimechoka. Hobi ninayoitaka ni kukaa. Kukaa tu, kwenye kiti, nisiulizwe ninawaza nini. Nilipolisema hilo, kifungua mimba alisema kwamba kuna mafunzo ya kukaa, watu hukaa wakihesabu pumzi, na kwamba ananitafutia programu ya simu itakayonikumbusha kukaa kila baada ya saa moja, yenye kengele. Shemeji naye ameanza kulipenda gitaa. Tangu asubuhi anapiga huo mshiko wa F na unatoka safi kabisa, kidole kimoja, nyuzi zote sita, jambo linalonifanya nijiulize alikotoa muda wa kuota sugu. Na mlango wa stoo sasa unalia kila ukifunguliwa. Wao wanasema haulii, lakini mimi nimeusikia vizuri, na bawaba ya juu ina skrubu moja ambayo sijaridhika nayo hata kidogo.