Mmachinga, unauza nini?

Juzi mpwa wangu wa darasa la sita alinifuata barazani, hapa Chikongola, Mtwara, na daftari lake mkononi. "Mjomba, hawa Wahindi Wekundu ni ndugu zao wale wa dukani?"

Nilicheka. Halafu nikaona swali lake lina akili kuliko jina analofundishwa. Columbus alifika visiwa vya Karibi mwaka 1492 akidhani amefika pande za India, akawaita Wahindi watu aliowakuta huko. Sisi watu wa pwani, tuliofanya biashara na Wahindi wenyewe karne na karne, tukaibeba hesabu yake mbovu kama ilivyo, na rangi juu yake. Wekundu! Huko Marekani kwenyewe timu ya Washington ililitupa jina lake la "ngozi nyekundu" mwaka 2020, tena baada ya kulalamikiwa miaka mingi.

Tuseme nini basi? Hapo Kiswahili kinatutega. "Wenyeji" ni neno zuri, ila mwenyeji kwetu ni yeyote aliyemtangulia mgeni. Hata mimi niliyezaliwa Lindi ni mwenyeji wa Mtwara. "Wazawa" bado lina harufu ya ule ugomvi wa uzawa wa miaka ya 1990, nani ashike biashara na nani asishike. "Watu wa asili" sina ugomvi nalo, ingawa sijakutana na mtu asiye na asili. Na "kienyeji" ndiyo usiguse kabisa: kuku wa kienyeji mtamu, lakini ukiambiwa umefanya mambo kienyeji, umeshatukanwa.

Mimi naona neno la jumla tulitumie pale tu tunapowazungumzia wote kwa pamoja, kama Umoja wa Mataifa ulipopitisha tamko la haki zao mwaka 2007. Nje ya hapo, mtu aitwe anavyojiita. Tuliozoea kuwaita Wanavajo, huko Marekani, wao hujiita Diné. Wale wa kaskazini ya mbali ya Kanada ni Wainuit, si Waeskimo. Na kando ya Ziwa Eyasi, nchini mwetu humu, wanaishi Wahadzabe. "Watindiga" ni jina walilopachikwa na wengine. Wapo pia Wamarekani wa asili wanaojiita "Indian" bila kinyongo chochote. Sawa, jina ni lao, nani kaniweka niwasahihishe?

Mniwie radhi kama nasema kwa ukali. Mimi ni Mmachinga. Wa kabila. Wazee wangu ni wa upande wa Mchinga, Lindi. Vijana wa Kusini walikwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mkononi, na jina letu likaganda kwenye kazi. Leo Mchaga mwenye meza ya viatu Kariakoo ni machinga. Msukuma wa Mwanza anayeuza mitumba, machinga. Nilipokuwa naishi Dar, kila nikitaja kabila langu niliulizwa, "Unauza nini?" Wapo hata wanaoapa kwamba neno lenyewe limetoka kwenye Kiingereza! Kazi ile ni ya heshima, sina neno nayo. Linaloniuma ni kwamba nikisema mimi ni nani, naonekana natania.

Siku ile ya daftari nilikuwa nimepamba moto kweli, namweleza mpwa wangu yote haya. Pembeni yetu alikaa bibi jirani, anabangua korosho. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na mtaa mzima tunamwita Bibi Mmawia, mimi nikiwemo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na mimi je, baba?" akauliza. "Mimi Mmakonde. Umawia mmenipa nyie."

Nikamwomba radhi. Akasema hewala, akaendelea na korosho zake. Mpwa wangu akauliza kama na hilo aliandike.