Kukoroma si usingizi mnono

Hapa Malaba, malori yakipanga foleni kusubiri kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda, ukipita kando ya barabara usiku utawasikia madereva wakikoroma humo ndani. Watu husema, "Huyo kachoka, kapata usingizi mnono." Hata mimi nilisema hivyo kwa miaka. Nimeolewa na dereva wa masafa marefu, na mkoromo wake niliuzoea kama mvua juu ya mabati.

Usiku mmoja umeme ulikatika, mtaa mzima ukawa kimya. Nikamsikia akikoroma, akazidisha, kisha akanyamaza. Pumzi hakuna. Nikamwekea mkono kifuani: kifua kinahangaika kupanda, hewa haiingii. Halafu akashtuka kama mtu aliyeopolewa mtoni, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea. Nikachukua simu nikaanza kuhesabu. Kimya kilichofuata kilidumu sekunde 25. Asubuhi akaniambia, "Nimelala vizuri, mama watoto." Macho mekundu, kichwa kinamgonga.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine ulimi na nyama laini za kooni hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Oksijeni ikishuka, ubongo humzindua kidogo tu, hata yeye asijue. Madaktari huhesabu kila pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Zikifika 5 kwa saa na mchana mtu anasinzia, huo tayari ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Zikifika 30, umekuwa mkali. Anayekatika pumzi mara 30 kwa saa, akilala saa 7, amekabwa mara 210 kabla ya jogoo kuwika. Ndiyo maana wengi wao wana presha inayogoma kushuka.

Jambo linaloniuma ni hili. Baba watoto amepimwa presha miaka mitatu, dawa zimebadilishwa mara mbili, na hakuna aliyewahi kumuuliza analalaje. Na hata angeulizwa, angejibu nini? Aliyelala hajishuhudii. Shahidi ni mimi, niliyekuwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Natamani kila mwenye presha aulizwe nani hulala karibu naye na husikia nini, na huyo mtu aitwe aingie. Swali hilo halihitaji kipimo wala shilingi moja.

Kwa madereva ni zaidi. Wakihisi usingizi wanatafuna mairungi na kunywa kahawa juu yake. Mairungi huufukuza usingizi, lakini deni lake linabaki palepale. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, dereva akipitiwa kwa sekunde 3 tu, limeshakwenda zaidi ya mita 60 bila mtu, pengine katikati ya msitu wa Mabira kule Uganda na basi linakuja mbele. Tukifika pale penye ajali tunasema ni mwendo kasi. Huenda alikuwa hajalala miaka kumi. Lakini dereva gani atakiri kwa tajiri wake kwamba anasinzia, akijua kesho ufunguo utapewa mwingine? Matajiri wa malori, hapa nawalaumu waziwazi. Anayesema ukweli apelekwe hospitali, asinyang'anywe kazi.

Dawa za usingizi za kununua dirishani msimpe mtu wa namna hii: baadhi yake huzidi kulegeza koo. Pombe ya jioni ni vivyo hivyo. Kupunguza uzito husaidia wengi, na kulala ubavu husaidia baadhi. Ipo pia mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili njia isizibe. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Australia waliieleza mwaka 1981. Ni ghali, tena inataka umeme usiku kucha, na hapa kwetu mnajua umeme ulivyo. Bado tunaitafuta.

Mwenyewe hakuniamini mpaka nilipomrekodi. Aliisikiliza mara mbili, hakusema neno, akaenda kukaa nje. Siku iliyofuata nikamshonea kifundo cha vitambaa mgongoni mwa fulana ya kulalia, kisimruhusu kulala chali. Ile rekodi alimtumia tanboi wake, akamwambia akisikia ukimya kama huo amsukume, hata kama ni saa nane za usiku.