Kukata kanga ya marehemu: dharau ama kumbukumbu?

Kuna mjadala unarudi rudi kuhusu hawa wasanii wanaokata kanga za bibi zao, wanazichovya rangi, wanazishonea nyuzi na makaratasi halafu wanatundika ukutani. Wanaopinga wanasema kanga ni mji wa katikati, pindo la pembeni na jina, yani yale maneno yake, ukishapitisha mkasi umebaki na matambara. Nawaelewa. Na wana hoja nzito zaidi ambayo hawaisemi sana, kwamba kile kipande kikifika nyumba ya sanaa huko Ulaya kinapata bei na mwenye kanga hatajwi popote.

Ila kwa hili la mkasi wasanii wanaonewa kabisa. Hebu turudi kanga ilikotoka, maana pwani inasimuliwa hivi, karne ya 19 wanawake walikuwa wananunua leso za mkononi zikiwa bado kwenye jora, wanakata tatu na tatu, wanaziunga, wanapata nguo moja ya leso sita. Leso sita jamani! Yani hiyo kanga tunayoilinda isiguswe ilizaliwa na mkasi na sindano, na wanawake waliokiona kitambaa cha wageni wakaamua kiseme yao. Hata jina lilikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu ndo zikaja hizi za Kirumi, na kanga nyingi tunazovaa leo zinachapwa India. Sasa asili isiyoguswa ni ipi? Na majumbani kwetu kanga ikichakaa si inakuwa winda la mtoto, mwisho kishikio cha sufuria, na hakuna anayesema tumevunja heshima.

Mchoraji Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar 1954 akapelekwa Uingereza akiwa mchanga baada ya babake kufariki, akaja kuchora kanga zake za rangi, za kutazamwa sio za kujifunga, na 2017 akashinda Turner Prize, ile tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Aliyeondoka na umri ule ulitaka akumbuke kwa njia gani?

Kwenye ukoo wetu binti mmoja alikata kanga ya mamake marehemu, ile ya "Japo sipati tamaa sikati", mkasi ukapita katikati ya jina, kwenye kipande kimoja likabaki neno "sikati" peke yake, akalizungushia uzi mwekundu. Shangazi alikuja amekasirika kwelikweli. Akasogea, akalisoma, akalishika lile pindo kwa vidole viwili kama anapima shuka dukani, akauliza kile kipande kingine kiko wapi.