Damu ya mababu na maisha ya ugenini: afya yetu Marekani inaharibiwa na nini?

Nakumbuka mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, niliyempeleka kliniki hapa Marekani kumsaidia lugha. Katikati ya fomu kulikuwa na visanduku vya rangi. "Mwanangu, hapa niweke nini?" akaniuliza. Nikamwonyesha kisanduku cha "Mweusi au Mmarekani Mweusi", akatia alama, tukaendelea. Hakuna swali lililotaka kujua alikaa kambini miaka mingapi, wala kwamba siku hizi anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama.

Ile alama moja imebeba mambo mawili ambayo wataalamu wamebishania kwa miaka mingi: asili, yaani alichorithi kwa wazazi wake, na maisha, yaani yaliyompata tangu azaliwe. Kila upande una hoja za kweli, na kila upande ukiachwa peke yake unaumiza watu.

Tuanze na asili, maana wapo wanaodhani kuitaja tu ni ubaguzi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea ukanda wa maziwa na pwani, na tunasafiri nacho hadi kwenye theluji, kusiko na malaria hata kidogo. Kwa vitendo maana yake ni hii: kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu huweza kusoma chini kwa mtu mwenye kinasaba hicho. Anaambiwa sukari iko sawa, kumbe imepanda. Daktari anayeogopa kuuliza habari za ukoo hatalijua hilo.

Kuna pia kinasaba cha APOL1. Mwaka 2010 watafiti waligundua aina mbili za kinasaba hicho zinazosaidia mwili kuwaua vimelea wa malale, ila mtu akirithi kwa baba na kwa mama, figo zake zinakuwa hatarini zaidi. Aina hizo zimejaa Afrika Magharibi. Kwa Waethiopia karibu hazipo. Sasa Mnigeria na Muethiopia wakija hapa wanatia alama kisanduku kimoja.

Kosa kubwa limefanyika hapo, pale hoja ya vinasaba inapohamishiwa kwenye rangi ya ngozi. Kwa miaka mingi hesabu ya kupima utendaji wa figo Marekani ilimzidishia kila mtu mweusi alama: fomula moja kwa 1.21, nyingine kwa 1.16. Figo zilizochoka zikaonekana bado zina nguvu, na mgonjwa akachelewa kuingia kwenye foleni ya kupandikizwa. Aliyeshuka kwenye ndege mwezi uliopita kutoka Kigoma na yule ambaye mababu zake walifika huku kwa merikebu za watumwa walizidishiwa sawasawa. Kuzidisha huko kuliachwa rasmi mwaka 2021, na mwaka 2023 hospitali za upandikizaji zikatakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda wa foleni waliopunjwa. Wapo waliokuwa wameshafariki.

Upande wa maisha una ushahidi ambao kwangu ni mzito zaidi. Mwaka 1997 Richard David na James Collins walichapisha uchunguzi wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois. Watoto wa kina mama wazungu walikuwa na wastani wa gramu 3446. Wa kina mama waliozaliwa Afrika, gramu 3333. Wa kina mama weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3089. Kama damu ya Kiafrika ndiyo inayozaa watoto wadogo, wa kwetu ndio wangekuwa wadogo kuliko wote, kwa sababu Wamarekani weusi kwa wastani wana takriban moja ya tano ya asili ya Ulaya. Baadaye, mwaka 2002, wao na mwenzao waliendelea kufuatilia vizazi: mabinti wa wahamiaji weusi, waliokulia Marekani, wakajifungua watoto wepesi kuliko wao wenyewe walivyozaliwa. Kwa wahamiaji kutoka Ulaya uzito ulipanda. Kizazi kimoja hakitoshi kubadilisha vinasaba.

Presha nayo imefuata njia hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 1997 Richard Cooper na wenzake walilinganisha watu wa asili ya Afrika Magharibi: wenye presha walikuwa asilimia 16 kule kwao, 26 visiwa vya Karibi, 33 Marekani. Mwaka 2005 wakaongeza Wazungu kwenye ulinganisho, na Wajerumani wakawapita Wamarekani weusi.

Wapo wanaojibu kwamba anayehama ni yule mwenye afya na elimu, kwa hiyo ni halali aanze vizuri. Kwa aliyekuja kwa viza ya masomo nakubali. Lakini David na Collins walipowatazama kina mama wenye elimu na huduma nzuri peke yao, pengo kati ya waliozaliwa Afrika na weusi waliozaliwa Marekani halikuzibika. Na mkimbizi wa Nyarugusu hakuchujwa kwa afya. Alichujwa na vita.

Msimamo wangu ni kwamba yanayotupata huku, kubeba maboksi usiku, kulala kwa muda wa saa nne tu, barua za uhamiaji zinazokosesha usingizi, dharau za kazini, yanatuharibu kuliko tulichorithi. Ila hilo lisiwe sababu ya kufuta swali la asili. Liulizwe vizuri: ukoo, mkoa, ugonjwa wa nyumbani.

Siku ile muuguzi aliweka fomu pembeni akamuuliza mama kama kwao kuna mtoto aliyewahi kufa mdogo. Mama akanyamaza, kisha akataja mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akilia viungo usiku kucha, wakidhani amerogwa. Muuguzi akaandika kipimo cha selimundu. Kisha akamuuliza anakula saa ngapi akiwa zamu, na mama akasema saa tisa usiku, akiwa amesimama.