Kabla gogo la mninga halijapanda lori

Mwezi uliopita nilikuwa Mafinga kutafuta mbili kwa nne za kenchi. Mwenye dingdong, mashine ya kupasulia mbao, alikuwa bado anavutana bei na mteja mwingine, basi nikaokota kipande cha gogo la paini pale chini nikaanza kuhesabu pete, ile miduara ya ukuaji, mmoja kwa kila mwaka. Kumi na saba. Ya sita na ya saba zilikuwa zimebanana kama kurasa za Biblia.

"Fundi, miaka hii mvua ilikataa?"

Akacheka. "Mvua gani, kaka! Hapo shamba halikupunguziwa. Miti ilikuwa inagombania mwanga."

Alikuwa sahihi, na jibu lake ndilo moyo wa taaluma nzima ya kusoma miaka kwenye pete za miti. Mti mmoja unaweza kukonda kwa sababu zake: jirani kauzidi kimo, moto umepita, wadudu. Andrew Ellicott Douglass, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa nyota na aliyegeukia miti akitafuta alama za madoa ya jua, alilijua hilo. Akawa analinganisha miti mingi ya eneo moja. Pete nyembamba zikifuatana kwa mpangilio uleule katika yote, hapo ndipo unaruhusiwa kusema kulikuwa na ukame, na mwaka wake ukautaja.

Kwa muda mrefu wengi waliona miti ya ukanda wetu haifai kazi hiyo, eti hatuna majira ya baridi kali ya kuusimamisha mti. Hawakuona kiangazi chetu. Huku nyanda za juu kusini mvua huanza Novemba hivi, ikafika Aprili au Mei, kisha kukavu hadi majani ya miyombo yadondoke. Msimu mmoja, pete moja. Kwenye maeneo yenye vuli na masika mti unaweza kukupa mbili kwa mwaka ukachanganyikiwa. Valerie Trouet, mtafiti kutoka Ubelgiji, alisoma pete za miyombo ya magharibi mwa Tanzania akazilinganisha na mvua na joto. Kule Zimbabwe watafiti wametumia mninga, huuhuu wa vitanda vyetu, kurudisha historia ya mvua hadi mwaka 1796.

Mwaka 1796! Wahehe walipowapiga Wajerumani pale Lugalo, Agosti 1891, Iringa haikuwa na kipima mvua. Mninga ulikuwepo, unaandika.

Na sisi ndio tunaohitaji maandishi hayo kuliko wengi. Kila El Niño ikitangazwa, redio huogopesha watu kwa mafuriko, kama ya 1997/98. Lakini El Niño hiyohiyo, ikifika Zambia na Zimbabwe, kwa kawaida huleta ukame. Mbeya na Iringa tuko katikati ya pande hizo mbili. Mkulima wa mahindi wa Mbozi ashike lipi? Miaka michache ya vipimo haitoshi kumjibu. Mininga mia ya Chunya ingesaidia.

Sasa tazama tunavyoifanya. Gogo likipasuliwa, banzi lenye gome ndilo la kwanza kutupwa, na banzi hilo ndilo lina miaka ya karibuni. Bila pete ya mwisho chini ya gome, na bila tarehe ya kukatwa, hesabu haina pa kuanzia. Ubao ukishafika kwa seremala ni ubao tu. Na tusiutaje mkaa.

Najua kuna kekee yenye tundu inayotoa kijiti chembamba bila kuua mti. Kwa paini ni sawa. Mninga ni mgumu, na pete zake hazizunguki vizuri, upande mmoja zinapotea kabisa. Unahitaji kisahani kizima.

Basi ombi langu ni dogo. Kila gogo la mninga linalovunwa kwa kibali, na kila linalokamatwa kizuizini, likatwe kisahani cha unene wa vidole vitatu, gome likiwepo. Kiandikwe kijiji na tarehe ya kukatwa, kikaushwe, kihifadhiwe mahali pasipo na mchwa hadi mwanafunzi wa misitu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aje akidai. Gharama yake ni dakika mbili za chenso. Tunapiga nyundo ya muhuri kwenye kila gogo kwa ajili ya ushuru, hili la pili linatushindaje?

Kipande changu cha paini kiko mezani hapa. Nimekiandika kwa kalamu: Mafinga, pete kumi na saba, shamba halikupunguziwa.