Cluny iliuzwa jiwe kwa jiwe

Asante kwa makala yenu kuhusu Cluny. Ila pale mnaposema kanisa la abasia (makao makubwa ya watawa) ya Cluny, huko Ufaransa, "liliangushwa na Mapinduzi ya Ufaransa", mmelipunguza jambo. Kweli, mwaka 1793 kulikuwa na uporaji na nyaraka zikachomwa moto. Lakini jengo lilibaki limesimama. Liliuzwa mwaka 1798 kwa wafanyabiashara, wakaligeuza machimbo ya mawe hadi mwaka 1823. Robo karne ya kubomoa, mchana kweupe, kwa ajili ya faida! Hapo hapo, enzi za Napoleon, yakajengwa mazizi ya farasi wa serikali.

Na tukumbuke lilikuwa kanisa gani. Abasia ilianzishwa mwaka 910. Kanisa hili, la tatu kujengwa hapo, lilianza kujengwa mwaka 1088 chini ya Abate Hugo, mkuu wa abasia, urefu wake karibu mita 187, na hakuna lililolizidi katika Ukristo wote hadi lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro, Roma.

Picha zenu zinaonyesha mnara wa pembe nane tu. Anayefika huko asiishie hapo. Aingie ghala la unga la abasia, la karne ya 13, chini ya paa lake kubwa la mbao, atazame vichwa vya nguzo vilivyookolewa kutoka kanisa hilo: mito ya peponi, na watu wanaowakilisha sauti nane (aina nane za mpangilio wa noti) za nyimbo za kanisa, baadhi yao wakiwa na vyombo vya muziki. Kwangu mimi, vichwa hivyo vya nguzo ndiyo hazina ya mji ule. Tafadhali rekebisheni sentensi ile.