Shikavoo, Vava

Gego la chini halitiwi ganzi kirahisi kama la juu. Mfupa wake ni mgumu, dawa haiupenyi vizuri, kwa hiyo sindano inapelekwa nyuma kabisa ya taya, pale neva, yaani mshipa wa fahamu, inapoingilia mfupani. Ikilala neva hiyo, inalala na jirani zake: nusu ya mdomo wa chini, kidevu, mara nyingi na nusu ya ulimi.

Jino langu lilikuwa limeshazibwa simu ilipoita. Mama mkwe.

"Shikavoo, vava."

Kimya. Kisha: "Marahaba. Saa nne hii ya asubuhi, baba, umeshaanza?"

"Havana! Nivetoka kuziva jino!"

Akakata.

Misuli ya mdomo ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni habari: M, B na P zinataka midomo miwili ikutane, na mmoja sikujua uko wapi. Nilihisi umevimba hadi begani. Kioo kikasema ni uongo mtupu.

Nikanywa chai nitulie. Iliposhuka kidevuni sikujua. Kifua ndicho kilichonipa taarifa. Bahati ilikuwa vuguvugu, maana mdomo wenye ganzi unaungua bila kupiga kelele, na unatafunwa vilevile. Watoto hujitafuna hadi wavimbe kweli, wachungwe.

Lidokaini, dawa ya ganzi, ikiwa na adrenalini hukaa, kwa sababu adrenalini hubana mishipa ya damu na dawa inachelewa kuondolewa. Jino huamka baada ya saa 1 au 1 na nusu. Mdomo huchukua saa 3 hadi 5. Basi kula kabla ya kwenda. Ukishikwa na kiu, kunywa cha baridi, kwa upande ulio macho.

Kibaya zaidi ni ile karatasi ya rangi anayokuumisha daktari kupima kimo cha jazo. "Uma. Liko sawa?" Anaulizwa mtu asiye na nusu ya uso! Nikaitikia sawa. Ganzi ilipoisha, kumbe jazo limezidi kimo kidogo, kila nikiuma linatangulia kugonga, na jino likaanza kuuma upya. Likichongwa kidogo tu linatulia, bila sindano. Ukilivumilia unajikuta unatafuna upande mmoja na kuogopa kila tonge.

Jioni mama mkwe akapiga tena. Hakungoja salamu.

"Sema 'pombe'."

"Pombe," nikasema, kila herufi imesimama wima.

"Haya. Sasa nipe binti yangu."